Padri Akicheka, Jina Linabaki

"Jina silibadilishi, Luciana, rangi imeshakauka na ngazi nimesharudisha kwa—"

"Rangi inakwanguliwa, baba Jenifa, kwani—"

"—kwa mwenyewe, na mwenyewe kaenda nayo Laela—"

"—kwani hata choo cha parokia kilikwanguliwa, sembuse huo ukuta wako."

"Sasa choo kimeingiaje hapa?"

"Umekiingiza wewe. Unaipa gesti jina la mji wa kamari, halafu unataka padri aje kuibariki. Bora ungeandika choo, angalau angejua anabariki nini."

Mimi nilikuwa katikati yao nimeshika sufuria ya viazi, sina pa kupitia. Hao wawili ni bamdogo Lwitiko Mbonile, mfanyabiashara wa mahindi aliyekuja kutoka Tukuyu akiwa kijana, na mamdogo Luciana, mdogo wake mama yangu, Mfipa wa Izia. Wanaishi pamoja tangu sijazaliwa, na sijawahi kuwakuta wote wawili wamenyamaza kwa wakati mmoja, labda msibani, na msibani penyewe mpaka jeneza litoke.

Jina walilokuwa wanagombania lilitoka kwenye kofia. Bamdogo ana kofia ya mtumba, nyeusi, imeandikwa Las Vegas kwa uzi wa dhahabu, na chini ya maandishi kuna dadu mbili. Aliivaa siku alipouza mzigo wake wa kwanza wa mahindi, na tangu hapo mvua, jua, harusi, kipaimara, kofia iko kichwani. Akilala inalala juu ya redio. Alipomaliza kujenga gesti yake hapa Katandala, vyumba vimejipanga mistari miwili kama wanafunzi wa paredi, hakuuliza mtu. Akamwita mchoraji, akavua kofia, akamwambia, nakili hii.

Kiwanja kilikuwa cha mamdogo, alirithi kwa baba yake. Kwa hiyo walikubaliana tangu msingi: jina atatoa bamdogo, padri atatoka upande wa mamdogo. Hakuna aliyewaza kwamba hivyo vitu viwili vitakuja kukutana siku moja mlangoni.

Na kubariki lazima. Wafipa wenzangu mnisamehe, lakini mnajua. Mgeni akishuka kwenye basi Sumbawanga, haulizi kwanza kama chumba kina maji ya moto. Anauliza kama nyumba imeombewa. Mtu ana digrii mbili, amekuja kukagua miradi ya serikali, lakini shangazi zake wameshamsimulia uchawi wetu wa radi na ungo, basi gesti ambayo haijabarikiwa halali mtu. Ataenda kulala kwa mwenzake anayekoroma. Sisi tunamcheka, halafu tunamwita padri.

Tatizo ni padri mwenyewe. Padri Yusto hacheki. Sisemi ni mkali, wala si mkali, ni mtu mwema, pikipiki yake inabeba wagonjwa kuliko gari la wagonjwa. Lakini hacheki. Mwaka ule wa kipaimara askofu alipokalia kofia yake mwenyewe, kanisa zima lilikufa, wanakwaya walilala kwenye kinanda, hata askofu alicheka. Padri Yusto alisubiri tumalize, akaendelea na sala aliyokuwa ameishia.

"Atasoma hilo jina," mamdogo akasema, "atageuza pikipiki. Katandala nzima itaona padri amegeuzia mlangoni kwangu. Mimi nitaenda kuishi wapi?"

"Hageuzi. Padri ni mtu. Prof atamweleza mji wenyewe ulivyo, atafurahi, atacheka."

"Padri Yusto acheke?"

"Acheke."

"Baba Jenifa, unaumwa."

Hapo ndipo bamdogo alipokunja mikono akasema maneno yaliyotuponza. "Basi tuweke dau."

Mamdogo akaacha kumenya kiazi. Huyo ni mama wa jumuiya, ana rozari kwenye mkoba na nyingine kwenye aproni. Nikajua atamfukuza. Akauliza, "Dau gani?"

"Padri akicheka, nimeshinda mimi. Jina linabaki, na nakuomba kitu kimoja, hukatai. Asipocheka, umeshinda wewe. Jina nalikwangua kwa mkono wangu, na unaniomba kitu kimoja, sikatai."

"Chochote?"

"Chochote. Hata kofia."

"Prof ni shahidi," mamdogo akasema, na wakapeana mikono juu ya sufuria ya viazi, mimi nikiwa nimeishikilia kama hakimu aliyekosa meza.

Prof ni mimi, Timoth. Ni jina la kunikebehi, msidanganyike. Nilisoma historia chuo kikuu mpaka pale nilipoishia, nikarudi nyumbani na nusu ya digrii, na mtaani hapa nusu ya digrii ni mzaha usioisha. Nikinunua nusu kilo ya sukari, muuza duka ananiuliza kama nimezoea nusu. Na mimi siwaachii. Mimi ndiye niliyewaaminisha madereva wa bodaboda wa Katandala kwamba ndizi ikiliwa kuanzia chini inapunguza ulaji wa mafuta. Wengine wanakula hivyo mpaka leo.

Bamdogo akanivuta pembeni. "Prof, wewe unawachekesha mpaka wafiwa. Mchekeshe huyo mtu. Akicheka, funguo za mapokezi ni zako, unakaa kwenye kiti kinachozunguka."

Mnajua nilivyokitamani kile kiti. Kilikuwa bado na nailoni.

*

Historia ya mji nilikuwa naijua vizuri, niliwahi kuusoma kwa kuukimbia mtihani wa somo lingine. Kwa hiyo bamdogo alikuwa ameshanipa kazi ya kumwelekeza mchoraji achore vivutio vya Las Vegas kwenye ukuta wa ndani wa ua, ili mgeni akinywa chai aone jina la alipolala linatoka wapi.

Mchoraji alikuwa Wiliam wa Kasanga. Maisha yake yote amechora maboti ya ziwani, yale yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo. Akikuchorea samaki, paka anasimama. Ila hajawahi kuchora kitu ambacho hajakiona, na alikiri hivyo mapema. "Nieleze," aliniambia, "nitatafuta kinachofanana."

Nikamweleza. Nikamwambia kuna hoteli kule iko ndani ya piramidi. Piramidi ndiyo nini? Nikasema ni kitu kipana chini, chembamba juu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchanganya rangi. Nikamwambia kuna mnara wa chuma ulioigwa kutoka Paris, kuna mifereji ya maji na maboti ndani ya jengo, kuna chemchemi zinazocheza muziki, kuna vikanisa vidogo vya kufungisha ndoa chapchap. Akaniuliza hivyo vikanisa vina padri? Nikasema wana mtu wa kufungisha, ndiyo. Akasema basi amenielewa, nimwache afanye kazi, na ukuta usifunuliwe mpaka siku yenyewe. Akatundika turubai la kuanikia mahindi ukuta mzima, akajifungia nyuma yake na brashi zake. Kazi yake ilikuwa inasikika tu: anapiga mluzi, anasafisha brashi, anachungulia ua akitaka chai.

Jioni ya kuamkia siku ya baraka nikaenda jikoni kuomba ukoko. Mamdogo alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo, hajaniangalia.

"Timo, ukimchekesha padri utaniumiza."

"Mamdogo, jina tu hilo. Watu watazoea."

"Jina nimeshalizoea. Nikishinda, unajua nitaomba nini?"

Nikasema kofia ichomwe.

"Kofia ya nini mimi." Akapeta ulezi, makapi yakaruka. "Nitaomba baba Jenifa aende na mimi kwa padri, tuandikishwe ndoa."

Nikaacha kukwangua ukoko. Kila mtu Katandala anajua habari zao. Mahari ilitoka zamani, wale ng'ombe wameshakuwa mababu wa ng'ombe wengine. Lakini bamdogo alisema Mmoraviani hafungishwi ndoa na padri, mamdogo akasema Mkatoliki hafungi ndoa kwa mchungaji, basi wakabaki sogea tukae. Watoto wakazaliwa, wakabatizwa kwa zamu, wa kwanza huku, wa pili kule, kama timu zinazobadilishana goli. Na bamdogo alikuwa na msemo wake, akiulizwa na mtu yeyote: siku padri akinifungisha ndoa, ng'ombe atapanda mnara wa simu.

"Mimi ndiye nafua vitambaa vya altare," mamdogo akasema. "Jumuiya inakutana kwangu, uji wanakunywa kwangu. Jumapili ikifika wakati wa komunyo, benchi zima linanyanyuka. Mimi sina ndoa, sipokei, nakunja magoti wapite. Wanarudi, nakunja tena wapite. Timo, mwanangu, nimekunja magoti mpaka nimezeeka."

Mnajua bamdogo humpeleka kanisani kila Jumapili kwa pikapu, halafu haingii. Anaegesha mbele ya mlango mkubwa ulio wazi, anakaa humo ndani na karanga zake na kofia yake mpaka misa iishe. Nilikuwa nadhani anasubiri tu.

Nikala ukoko. Nikakiaga kile kiti kinachozunguka moyoni mwangu, pamoja na nailoni yake. Nikaamua: kesho sichekeshi. Kesho nitaongea kama mhadhiri wangu wa mwaka wa kwanza, yule ambaye hata popo wa darasani walikuwa wanaanguka kwa usingizi.

*

Siku hiyo upepo wa Ufipa ulikuwa ule wa kukuvua sweta ukiwa umelivaa. Jumuiya nzima ilikuja, majirani, wafanyabiashara wenzake bamdogo, na Bibi Mary, ambaye hajaalikwa popote na hajawahi kukosa popote. Wiliam alisimama karibu na turubai, kanyoa ndevu.

Padri Yusto akafika na pikipiki, kanzu kaikunja, miguuni buti za mvua, miwani kaifunga na kamba ya kiatu kisogoni isidondoke njiani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

Akazima pikipiki mbele ya geti, akainua uso, akasoma. Akasoma tena. Mamdogo akashika rozari ya aproni. Bamdogo akashika kofia.

"Huu ni mji," Padri akasema.

"Ni mji, Padri," bamdogo akasema.

"Wa nini?"

"Kijana wetu ataeleza. Amesoma."

"Amesoma kidogo," Bibi Mary akasema.

Padri akashuka. "Basi anieleze kwanza, nijue nafungua kitabu ukurasa gani." Akaingia uani, akakaa kwenye kiti cha mbele, maji ya baraka kayaweka chini kati ya buti zake. Nikapumua kidogo. Hakugeuza. Lakini uso wake ulikuwa uleule wa siku ya kofia ya askofu.

Nikakohoa. Nikaweka mikono nyuma.

"Awali ya yote," nikasema, "ni vyema tukatofautisha kati ya mji kama makazi na mji kama dhana."

Bamdogo akanitolea macho. Nikamwepuka, nikaangalia mlingoti wa kamba ya nguo.

Nikaeleza kwamba Las Vegas ni jina la Kihispania, maana yake mbuga za majani. Kwamba ni jangwa, lakini palikuwa na chemchemi, na wenyeji, Wapaiute, walikuwa wanakunywa maji hayo muda mrefu kabla misafara ya nyumbu haijapita. Kwamba waliokuja kujenga kwanza hawakuwa wacheza kamari, walikuwa wamisionari wa Kimormoni, katikati ya karne ya kumi na tisa, wakajenga ngome ya matofali ya udongo, wakalima.

"Walilima nini?" sauti ikauliza nyuma.

"Mahindi pia, inasemekana."

Watu wakaguna kwa heshima. Padri akainua kidole. "Hao wamisionari walikaa muda gani?"

"Muda mfupi, Padri. Kama miaka miwili."

"Wakaondoka."

"Wakaondoka. Joto, mavuno mabaya, na kugombana wenyewe kwa wenyewe."

"Wa kwetu walikaa," Padri akasema, akarudisha kidole.

Nikaendelea. Reli ikafika mwanzoni mwa karne iliyofuata, viwanja vikapigwa mnada jangwani, watu wamesimama juani na kofia zao. Miaka ya thelathini jimbo la Nevada likahalalisha kamari, na wakati huohuo ujenzi wa bwawa kubwa la umeme ukaanza mto Colorado, kwa hiyo vibarua wakawepo, na taa zikawepo, na vibarua wakikutana na taa unajua kinachotokea. Hiyo sentensi ya mwisho ilinitoka, mtu akacheka pembeni, nikaifunika haraka: "Kwa mtazamo wa kiuchumi."

Bamdogo akavua kofia, akaivaa, akaivua. Ilikuwa ishara. Alikuwa ananiambia, Prof, anza. Mimi nikaanza tarakimu za ongezeko la watu.

Pagumu ni hapa: Mungu ameniumba na mdomo wa mzaha, na watu walikuwa wananitegea mipira mbele ya goli. Nilipogusia kwamba majumba ya kamari hayatundiki saa ukutani ili mtu asijue muda, jirani mmoja akasema hata fundi cherehani wake hana saa. Nilikuwa na jibu. Nikalimeza kama kidonge. Nilipofika kwenye miaka ya hamsini, serikali ya kule ikijaribu mabomu ya nyuklia jangwani, na watu wa hotelini wakipanda juu ya paa na glasi mkononi kuangalia moshi unavyopanda, Bibi Mary akasimama kabisa.

"Halafu sisi ndio tunasingiziwa radi," akasema.

Ua ukaanguka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mimi nilijiuma ulimi mpaka nikaonja damu. Nikamwangalia Padri: akarekebisha kamba ya miwani. Basi. Mamdogo alikuwa anamwangalia yeye tu, hata kupepesa hapepesi.

"Tuone vivutio," bamdogo akasema kwa sauti ya mtu anayezama. "Wiliam. Fungua."

Wiliam akavuta turubai taratibu, kipande kwa kipande, kama anatweka tanga.

Cha kwanza kutokea kilikuwa piramidi. Kipana chini, chembamba juu, cha udongo mwekundu, na matundu ya kuingizia hewa pembeni, na mzee kapiga magoti anachochea mkaa. Wiliam alikuwa ametuchorea ilungu, lile tanuru la kuyeyushia chuma la mababu zetu, ambalo mabaki yake ukitembea vijijini unayakuta bado yamesimama kama vichuguu.

"Hili ni la kwa babu yangu," Bibi Mary akasema, akaenda mpaka ukutani kuligusa. "Kumbe na huko wanafua chuma."

"Wanalala humo, Bibi," nikasema.

"Wanalala na moto unawaka?"

Na hilo jibu nikalimeza. Niliumia.

Turubai likasogea. Mnara wa Paris ulikuwa mnara wa simu, na taa yake nyekundu juu. Chemchemi za kucheza muziki zilikuwa maporomoko ya Kalambo yenyewe, na ukungu wake wote, na pembeni yake kachora spika mbili. Mifereji ya maji ndani ya hoteli ilikuwa ziwa, na boti la Kasanga limejaa magunia ya dagaa, nahodha kavaa tai. Nusu ya watu walikuwa wanafuta machozi. Mfanyabiashara mmoja aliuliza hizo dagaa zinashukia Las Vegas saa ngapi. Padri Yusto alikuwa anaangalia picha moja moja, kwa makini, kama anasahihisha madaftari. Hakuna kitu. Mdomo uleule.

Nikamkonyeza mamdogo. Kilibaki kipande kimoja tu. Alifumba macho, midomo ikaenda, nadhani alikuwa anashukuru.

Wiliam akavuta kipande cha mwisho.

Kilikuwa kikanisa cha ndoa. Kidogo, taa za rangi kuzunguka paa, foleni ya maharusi imetoka mpaka jangwani. Mlangoni, juu ya pikipiki ambayo haijazimwa, moshi unatoka, kanzu imekunjwa, buti za mvua miguuni, miwani imefungwa na kamba ya kiatu, alikuwa Padri Yusto. Mkono mmoja kashika usukani, mwingine anabariki watu wakipita, kama trafiki wa makutano. Uso ni wake kabisa, hata lile kovu la kidevuni. Na usoni humo, Wiliam alikuwa amemchora anacheka, meno yote nje.

Watu wote wakageuza macho kwa Padri.

Padri akanyanyuka. Akaenda mpaka kwenye ukuta, akasimama mbele ya yule Padri mwingine, pua kwa pua. Akaangalia buti za pale, akaangalia buti zake. Akainua mkono akashika kamba ya kiatu kisogoni, kama kuhakikisha bado iko kwake.

Kicheko chake kilianza kama pikipiki iliyokaa msimu mzima bila kuwashwa. Kikakohoa. Kikazima. Kikakohoa tena, mabega yakapanda, kikazima. Halafu kikawaka. Yesu wangu, kikawaka. Alishika ukuta, akashika bega la Wiliam, akakaa chini kwenye saruji na kanzu nyeupe, na kila akinyamaza akiinua macho anajikuta pale juu anabariki foleni, anaanza upya. Alikuwa na akiba ya miaka.

"Nani," akauliza, anajifuta na mkono wa kanzu, "nani amekuambia mimi nipo huko?"

"Prof alisema chora mtu anafungisha ndoa," Wiliam akajibu. "Mimi namjua mmoja tu, Padri."

"Na anacheka nini huyu?"

"Foleni, Padri. Nilifikiri ukipata foleni kama hiyo utafurahi."

Padri akaanza tena.

Mimi sikucheka. Nilimtafuta mamdogo kwa macho. Alikuwa ameshageuka, anakunja taulo lililokuwa begani, analikunja vizuri, pembe kwa pembe, analikunjua, analikunja. Nilijitahidi, mamdogo, nilitaka kumwambia. Nilikuwa mchoshi kuliko wote.

Kwenye ua watu walishaanza kelele za ushindi. Dau lilikuwa limeshavuja, kwa sababu shahidi mmoja alilisimulia kwa mtu mmoja kijiwe cha bodaboda. Wakaanza kumpa bamdogo ushauri. Omba asikupikie ugali wa ulezi mwaka mzima. Omba mama yake akija asikae zaidi ya wiki. Omba rimoti. Bibi Mary alisema mwanamume akipata nafasi kama hiyo aombe kunyamaziwa.

Bamdogo alikuwa mbali nao. Alikuwa amesimama mbele ya picha, kofia mkononi, na hakuwa anamwangalia Padri wa ukutani. Alikuwa anaangalia mbele ya foleni. Na mimi ndipo nikaangalia. Maharusi wa kwanza kabisa, waliokuwa wamefika mlangoni, mwanamume alikuwa na kofia nyeusi yenye dadu mbili. Mwanamke alikuwa na aproni, rozari inaning'inia mfukoni, kidole kakinyoosha usoni kwa mwanamume. Na wote wawili midomo wazi.

"Wiliam," bamdogo akasema polepole, "hawa ni nani?"

"Nilihitaji watu wa kunakili, Mzee. Nyie kila nikichungulia mmesimama uani mnagombana, hamsogei. Mnachoreka vizuri."

Bamdogo akasogea ukutani, akaangalia tena.

Padri alikuwa ameshanyanyuka, anajikung'uta vumbi, amepata pumzi. "Haya," akasema, "jina libaki. Nimeshafika huko kabla yenu, siwezi kukataa kubariki." Akachukua maji yake, akafungua kitabu. Watu wakavua kofia, wakatulia. Mamdogo akasogea mbele, taulo limekunjwa, uso umefungwa.

"Padri, ngoja kidogo," bamdogo akasema. "Nina haki yangu. Nimeshinda."

"Ushindi gani tena?"

"Nimeshinda dau. Naruhusiwa kumwomba huyu kitu kimoja, naye hakatai. Prof shahidi."

"Mmeniwekea dau mimi?"

"Baadaye, Padri, utatukemea baadaye."

"Omba umalize," mamdogo akasema, hajamwangalia. "Maji yanapoa."

"Maji ya baraka hayapoi, Luciana."

"Basi upepo ni wa baridi. Omba."

Mtu wa nyuma akanong'ona, rimoti. Bamdogo akaikunja kofia yake, akaiweka mfukoni, na kichwa chake kikaonekana cheupe, chenye alama ya duara, kama cha mtu mwingine. Akaanza kuongea na mamdogo, halafu akasita, akamgeukia Padri, halafu akarudi kwa mamdogo.

"Mimi nibaki Mmoraviani wangu," akasema. "Hilo usiniguse. Lakini Jumapili ijayo nataka Padri asome majina yetu mawili kanisani, wewe na mimi, kama wanavyosomwa vijana wanaooana. Asome tena inayofuata. Na siku ikifika, Luciana, nakuomba upite wewe mbele, na hao wengine wakunje magoti."